Kujitoa katika ununuzi wa nyumba kabla ya kusaini: pesa zetu zilivyokwenda

Mimi na mume wangu tulijitoa katika ununuzi wa nyumba wakati rasimu ya mkataba iko tayari kwa wakili, imebaki saini tu. Hatukushtakiwa, hatukutozwa faini, wala hakuna aliyetulazimisha kuendelea. Lakini ukijumlisha vyote tulivyokuwa tumeshalipa mpaka siku ile, ilikaribia asilimia 1 ya bei ya nyumba, na sehemu kubwa haikurudi. Naandika kwa ajili ya yule ambaye sasa hivi ana rasimu mkononi, moyo unasita, na kila anayemuuliza anamjibu kwa mkato: "Si hujasaini? Achana nayo." Kuachana nayo kunawezekana, ila kuna gharama zake, na nyingi zinapungua ukizijua mapema.

Malipo ya kwanza yalikuwa arubuni. Nyumba tuliiona jioni, tukaipenda, na dalali hakutupa nafasi ya kupumua. "Dada, kuna wengine wameshaiona, kesho wanakuja na pesa." Inawezekana alisema kweli. Mume wangu alitaka tutoe kiasi siku ileile ili nyumba isionyeshwe tena kwa watu. Mimi nilisema sawa, ila kwa karatasi. Tukakaa kwenye ngazi za mbele tukaandika kwa mkono: kiasi, tarehe, nani anashika pesa, kwamba karatasi ile si mkataba wa mauziano, na sentensi moja iliyokuja kutuokoa, kwamba pesa zitarudishwa zote endapo ukaguzi wa jengo, upekuzi wa hati au majibu ya benki hayatamridhisha mnunuzi. Muuzaji aliisoma, akarudia kuisoma, akauliza huko kuridhika kunapimwaje. Lilikuwa swali la mtu makini. Tukaongeza "kwa ripoti ya maandishi ya mtaalamu", naye akasaini.

Pesa hizi za mwanzo zina majina mengi: arubuni, ada ya kushikia nyumba, malipo ya awali. Usitegemee jina. Kinachohesabika ni kilichoandikwa: zinarudi au hazirudi, kwa sababu zipi, ndani ya muda gani, na zinakaa mkononi mwa nani. Hili la mwisho watu hulipuuza. Za kwetu zilikaa kwa muuzaji mwenyewe, na ingawa karatasi ilikuwa upande wetu, alikuwa ameshazitumia. Zilirudi zote, lakini kwa mafungu, baada ya simu nyingi na barua za wakili ambazo nazo zililipiwa. Kama zingekuwa kwenye akaunti ya wateja ya wakili, yaani ile anayotunzia pesa za wateja wake, zingerudi bila kelele.

Rafiki yangu aliyenunua nyumba Uingereza ndiye aliyenipa moyo kwamba kabla ya saini hakuna anayekudai chochote. Kwake ni kweli. England na Wales hakuna anayefungwa mpaka pande mbili zibadilishane mikataba iliyosainiwa, na hapo ndipo amana, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10, hulipwa. Kabla ya hapo yeyote anaweza kujitoa bila kueleza sababu, na kila mmoja anabeba gharama zake. Maana yake ni kwamba hata muuzaji anaweza kukuacha wewe, na pesa yako ya ukaguzi imeshakwenda. Lakini ukivuka tu kwenda Scotland mambo ni mengine: barua za mawakili wa pande mbili zikishakubaliana, umefungwa, hata kama wewe mwenyewe hujasaini karatasi yoyote. Ufaransa mnunuzi ana siku 10 za kughairi baada ya mkataba wa awali. Hispania, kwa kifungu cha 1454 cha sheria yao ya madai, mnunuzi aliyetoa arubuni ya aina hiyo akighairi anaipoteza, na muuzaji akighairi anairudisha mara mbili. Singapore kwa kawaida unalipa asilimia 1 ili upewe haki ya kununua, na usipoitumia haki hiyo pesa imekwenda. Ujerumani hakuna mauziano ya nyumba bila notari, mwanasheria anayethibitisha mikataba, lakini ukimwomba notari aandae rasimu kisha ukajitoa, ada ya rasimu bado ni yako. Kenya, huwezi kumpeleka mtu mahakamani kwa mauziano ya ardhi yasiyoandikwa, kusainiwa na kushuhudiwa. Kwa hiyo ushauri wa aliyenunua kwingine upokee kwa shukrani, kisha muulize wakili wa mahali nyumba ilipo: ni karatasi gani hasa itakayonifunga, na ni ipi kabla yake inayoweza kunigharimu?

Nilimuuliza wakili wetu siku ya kwanza: "Ikivunjika njiani, utatudai kiasi gani?" Hakukwepa. Alieleza kwamba kazi yake ina hatua: kufungua jalada na kufanya upekuzi, kupitia rasimu na kujibizana na wakili wa muuzaji, kisha kusainisha na kuhamisha hati. Ada ya kila hatua inadaiwa hatua ikishaanza. Kando ya ada yake kuna malipo anayoyafanya kwa niaba ya mteja, kama upekuzi, nakala za ramani na vyeti vya kodi, na hayo hayarudi hata kama yeye mwenyewe ataamua kukuhurumia. Wapo mawakili wanaokubali kutodai ada mauziano yakivunjika. Hao waulize kama ahadi inagusa na yale malipo ya pembeni, maana mara nyingi haigusi. Wapo wanaodai kwa saa, na huko kila simu unayompigia kwa wasiwasi inaandikwa. Yote hayo ni halali ilimradi uyajue kabla. Mwombe ayaandike.

Upekuzi wa hati ulikuwa nafuu kuliko kila kitu, na ulileta habari nzuri: jina kwenye hati ni la muuzaji, hakuna mkopo uliowekewa dhamana, hakuna zuio. Ila ramani iliyokuja pamoja nao ilikuwa na vyumba vitatu, na nyumba tuliyoiona ina vinne. Wakili alituzungushia mstari wa kalamu nyekundu mahali ambapo chumba cha nyuma kilipaswa kuwapo. Dalali tulipomuuliza alisema watu wote huongeza chumba. Sisi tukamruhusu wakili aanze hatua ya pili huku tukisubiri mkaguzi wa majengo apate nafasi. Hapa ndipo mpangilio ulipotugharimu. Tulilipia saa za wakili akibishana juu ya vifungu vya mkataba wa nyumba ambayo ukaguzi ungekuja kuikataa. Ingetosha kumwambia asubiri.

Wakati huohuo benki ilimtuma mthamini wake, kwa gharama yetu. Alikaa muda mfupi, akapima, akapiga picha, akaandika kwamba thamani inatosha kwa mkopo tulioomba. Mume wangu akafurahi: "Si benki imeshaikagua?" Naliweka hili wazi kwa sababu nimeona watu wengi wakilichanganya. Mthamini wa benki anaijibia benki swali moja: siku tukishindwa kulipa, nyumba ikiuzwa, pesa zitarudi? Hapandi darini, hasogezi kabati, wala haingii uvunguni mwa sinki. Anayekufanyia wewe kazi ni mkaguzi unayemwajiri mwenyewe, na ripoti yake ndiyo iliyokuwa ghali kuliko vyote tulivyolipa.

Siku ya ukaguzi nilimfuata chumba kwa chumba. Vyumba vya mbele alivipita kwa haraka kidogo, anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anaandika. Kwenye chumba cha nyuma alisimama mlangoni, akavuta pumzi kwa pua. "Rangi hii ni mpya. Kwingine kote si mpya." Akapitisha ukucha kwenye kona ambako ukuta wa chumba hicho unakutana na ukuta wa nyumba kubwa. Lipu laini ilibanduka kama ganda, na ndani yake kulikuwa na ufa ambao kidole changu kidogo kiliingia. Akaufuata kwa tochi mpaka kwenye dirisha: ulipanda kwa ngazi, ukifuata maungio ya tofali, mwembamba chini na mpana juu. Akaweka pima maji sakafuni, lile tone la hewa likakimbilia upande mmoja. Akaomba kabati lisogezwe, akachomeka kipimo cha unyevu ukutani nyuma yake, na namba zikapanda mpaka akakirudia mara nyingine kuhakikisha. Nje, maji ya paa yalikuwa yanamwagika moja kwa moja kwenye mguu wa ukuta, hakuna gata wala mfereji wa kuyapeleka mbali.

"Mama," aliniambia, "chumba hiki kinajitenga na nyumba. Msingi wake na msingi wa nyumba haukufungwa pamoja, na udongo chini yake unalainika kila mvua ikinyesha." Hakuniambia nisinunue, na nilimheshimu kwa hilo. Alisema kazi yake ni kueleza alichokiona, na kwamba kabla ya kuamua tumwite mhandisi wa majengo afukue mpaka kwenye msingi. Katika ripoti aliweka makadirio ya awali ya kuimarisha msingi. Kwa kiwango cha chini kabisa yalikuwa mara kadhaa ya pesa zote tulizokuwa tumetumia hadi pale.

Ripoti ilipokaa pamoja na ile kalamu nyekundu ya wakili, picha ikakamilika. Chumba kimejengwa bila kibali cha ujenzi. Mamlaka za mipango zinaweza kudai kirasimishwe au kibomolewe, na anayebeba mzigo huo ni mwenye nyumba wa wakati huo, ambaye angekuwa sisi. Benki ikijua, inaweza kupunguza mkopo au kuukataa. Na kampuni ya bima nayo huuliza.

Tulijaribu kwanza kuokoa mauziano. Watu wanapopata ripoti mbaya hudhani njia ni mbili tu, kununua au kukimbia, kumbe ripoti ni silaha ya mazungumzo. Tuliomba mawili: ama bei ishuke kwa kiasi cha matengenezo, ama muuzaji atafute kibali na kutengeneza msingi kabla ya kusaini. Alikubali kupunguza kidogo sana, mapenzi tu, na kuhusu kibali akasema hayo tutamalizana tukishahamia. Wakili alinitazama kwa muda. "Dada, likishakuwa lako, halitakuwa lake tena."

Wiki iliyofuata ilikuwa ngumu kuliko nilivyotarajia, na sitaki kuipitia juujuu, maana hapo ndipo watu wengi hununua nyumba wasiyoitaka. Binti yetu alikuwa ameshachagua chumba, na alikuwa amechagua kilekile cha nyuma. Mama mkwe alikuwa ameshawaambia ndugu. Na kila tulipokaribia kusema basi, mmoja wetu alikumbuka kilicholipwa. "Tumeshatoa pesa zote hizo, tuziache zipotee?" Tukalala na swali hilo, tukaamka nalo. Nilishindwa kula vizuri. Tuligombana juu ya mambo ambayo hayakuhusu nyumba kabisa.

Kilichotutoa hapo ni mume wangu. Usiku mmoja aliniuliza: kama leo hatujalipa hata senti, dalali akatuletea nyumba hii na ripoti hii mkononi, kwa bei hii, tungenunua? Nilijibu hapana kabla hajamaliza. Pesa zilizokwisha kutoka zilikuwa zimetoka, tukinunua au tusinunue. Ukaguzi usingerudishwa kwa sababu tumesaini. Jambo pekee lililobaki mikononi mwetu ni lile fungu kubwa ambalo lilikuwa bado halijatoka. Tangu hapo nimekuwa nikimuuliza swali hilo kila anayekuja kuniomba ushauri, na naona uso wake unavyobadilika akilijibu.

Uamuzi ukishafanyika, usikae nao. Kila siku ya ukimya kuna mtu anaendelea kufanya kazi utakayoilipia. Asubuhi yake nilimwandikia wakili asimamishe kila kitu na nikataka anijibu kwamba amepokea, kwa sababu alikuwa karibu kuagiza nyaraka nyingine. Benki tuliwaambia siku hiyohiyo. Mkopo ulikuwa umeshapitishwa lakini barua ya ofa hatujaisaini, kwa hiyo ada ya kushughulikia mkopo ilifutwa, ya uthamini ikabaki imelipwa. Kama tungekuwa tumesaini ofa au kulipia kufunga kiwango cha riba, hesabu ingekuwa nyingine. Soma masharti ya benki yako juu ya hilo kabla ya kuweka saini hata kwenye fomu inayoonekana ndogo.

Muuzaji nilimpigia mwenyewe kabla barua ya wakili haijamfikia. Barua ilikuwa fupi: tunajitoa, kwa sababu ya matokeo ya ukaguzi na ya upekuzi, kwa mujibu wa makubaliano ya tarehe fulani, tunaomba arubuni irudishwe ndani ya muda uliotajwa. Hakuna lawama, hakuna maelezo marefu. Wakili alitushauri tusiandike neno lolote linaloweza kusomeka kana kwamba tulishakubaliana kununua na sasa tunavunja, na ujumbe wa simu nao unahesabika. Ukiwa na hasira au aibu, usiandike siku hiyo, mwachie wakili.

Kuna hasara ambazo hazikuja na ankara. Tulikuwa tumevunja akiba ya muda maalumu benki kabla haijaiva, ili amana iwe tayari siku ya kusaini, na riba yake ikapotea. Hilo lilituuma kwa sababu halikuwa la lazima. Wakili wa muuzaji angeridhika na barua ya benki kuonyesha kwamba pesa zipo. Kwa upande wa pango tulikuwa salama, kwani hatukumpa mwenye nyumba notisi. Shemeji yangu aliitoa mapema alipokuwa ananunua, mauziano yakavunjika, akajikuta anamwomba mwenye nyumba ambaye ameshampata mpangaji mwingine. Notisi ya kuhama, gari la mizigo, mapazia, ada ya shule mpya ya watoto: vyote visubiri saini.

Sitaki mtu asome haya akadhani muuzaji alikuwa mtu mbaya. Naye alikuwa ameshaweka pesa mahali pengine kwa kutegemea zetu, na tulipojitoa alilia kwenye simu. Chumba kile alikijenga kwa ajili ya mama yake mgonjwa, kwa fundi wa haraka, bila kufikiria kibali. Aliniomba nakala ya ripoti. Ripoti za namna hii huandikwa kwa ajili ya mteja aliyelipa, na mkaguzi hawajibiki kwa mwingine, kwa hiyo nilimuuliza kwanza. Aliniruhusu kumpa kurasa zinazohusu chumba cha nyuma, na nikampelekea. Naamini ilisaidia hata arubuni kurudi bila mahakama.

Tukijumlisha: ukaguzi ulikwenda wote, uthamini wa benki ulikwenda wote, upekuzi ulikwenda. Ada ya wakili tulilipa hatua mbili kati ya tatu, na ile ya pili ndiyo ingeweza kuokolewa. Riba ya akiba ilipotea. Arubuni ilirudi, na ada ya mkopo ilifutwa.

Sasa tunaitazama nyumba nyingine, na safari hii mpangilio ni tofauti. Tunakwenda na ramani iliyoidhinishwa mkononi na kuhesabu vyumba kabla ya kutoa chochote. Upekuzi unafuata, maana ni nafuu na unaweza kumaliza kila kitu peke yake. Kisha mkaguzi wa majengo. Benki haitumi mthamini mpaka ripoti ya mkaguzi iwe mezani, na wakili ameshaandikiwa kwamba hatua ya pili haianzi bila ruhusa yetu ya maandishi. Arubuni, ikibidi, itakaa kwenye akaunti ya wateja ya wakili. Muuzaji wa nyumba hii amelalamika kwamba tunachelewa. Tumemweleza sababu, naye amekubali kusubiri mpaka mkaguzi amalize.